Pesa ya Safari: Barua Zenu Kutoka Moshi na Arusha

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja: fedha ukiwa ugenini. Nilikaa dirisha la fedha za kigeni hapa Moshi mpaka nilipostaafu. Wasafiri waliofika mbele yangu karibu wote waliuliza wabebe kiasi gani. Wachache sana waliuliza, zikikwama nitazipataje? Ningetamani kila msafiri aanze na swali hilo la pili, na majibu yangu ya leo karibu yote yanalizunguka. Nimechagua barua tano. Mbili nimezijibu kwa urefu, moja kwa sababu ya mtaji wa mkopo, nyingine kwa sababu ya mgonjwa.

Shikamoo mama. Nauza nguo na viatu Kiborloni. Kwa mara ya kwanza nakwenda Guangzhou mwenyewe badala ya kuagiza kupitia mtu. Kaka yangu anasema niweke dola zote kwenye mkanda wa kiunoni, ndivyo wafanyabiashara wakubwa walivyoanza. Rafiki yangu aliyetoka huko majuzi anasema China hakuna anayeshika noti, kila kitu ni simu. Nimsikilize nani? Mtaji ni wa mkopo wa kikundi. — Kijana wa Kiborloni

Marahaba mwanangu. Wote wawili wamekuambia nusu.

Tuanze na rafiki yako. Ni kweli kwamba huko mtu hununua hata kiazi kitamu cha kuchoma kwa kuskani picha ya msimbo, na programu zinazotumika ni Alipay na WeChat. Zamani mgeni asiye na akaunti ya benki ya China alibaki anatazama tu. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard ya huku nyumbani, na 2024 kiwango cha juu cha muamala mmoja kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi dola 5,000. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana makato ya programu. Yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Kwa hiyo teksi, chakula na nauli ya treni ya chini ya ardhi lipa kwa simu bila wasiwasi, lakini usije ukalipia mzigo wa viatu kwa njia hiyo ukashangaa faida imekwenda wapi. Tena, kadi ya nje iliyounganishwa hulipa wafanyabiashara tu. Huwezi kuitumia kumtumia mtu binafsi pesa kama tunavyotumiana hapa, kwa hiyo usitegemee kumrudishia Mtanzania mwenzako deni lake kwa njia hiyo.

Jambo linalowakwamisha wengi ni dogo na liko hapa hapa Moshi. Unapounganisha kadi, benki hukutumia ujumbe wenye namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya Tanzania. Kama laini haijafunguliwa kufanya kazi nje ya nchi, ujumbe hauingii, na umeshika simu nzuri na kadi yenye fedha ambayo haiwezi kununua chupa ya maji. Kwa hiyo pakua programu ukiwa nyumbani, jisajili kwa pasipoti, unganisha kadi, kisha nenda kwenye duka la mtandao wako wa simu uombe laini ifunguliwe. Baada ya hapo pita benki uwaambie tarehe zako na nchi unayokwenda, na uulize waziwazi kama kadi yako imeruhusiwa kwa malipo ya nje na ya mtandaoni, na kwa siku mwisho wake ni kiasi gani. Usiridhike na “inafanya kazi kote duniani”. Nunua kitu kidogo mtandaoni ukiwa bado Kiborloni uone kama inapita.

Sasa kaka yako. Fedha taslimu usiziache, ila zisiwe mtaji wote. Sheria zetu zinakutaka utangaze forodhani fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 au thamani yake. China yenyewe inataka utangaze dola taslimu zinapozidi 5,000, na hairuhusu kuingia na zaidi ya yuani 20,000. Kutangaza hakuna kodi. Ni kujaza fomu na kubaki na nakala. Mwenye kunyang'anywa fedha uwanja wa ndege mara nyingi hakuwa mwizi wala mtorosha fedha. Alikuwa mtu mwenye haya ya kujaza fomu.

Dola zako kazibadilishie benki huko huko, kwa pasipoti, na kila stakabadhi itunze, maana ndiyo itakayokusaidia kugeuza yuani zilizobaki kabla hujaondoka. Watakuja watu nje ya benki na nje ya masoko wenye bei tamu. Waache. Noti kubwa kuliko zote ya China ni ya yuani 100, na noti za bandia zinazozunguka hufanana nayo hiyo. Wewe mgeni huna jicho la kuzitambua.

Mtaji wenyewe, ule wa kikundi, pitisha benki. Utaratibu uliozoeleka katika biashara hii ni kulipa sehemu mwanzo, mara nyingi asilimia 30, na iliyobaki baada ya mzigo kuwa tayari na kukaguliwa. Wewe utakuwa umeuona mzigo kwa macho yako, hiyo ni bahati ambayo waagizaji wengi hawana, itumie. Kabla ya kutuma, linganisha jina la akaunti na jina la kampuni lililoko kwenye ankara. Ukiambiwa ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi, uliza kwa nini, na jibu lisipokutuliza usilipe. Na hili nakuomba ulisome mara mbili: ukisharudi Moshi ukapata barua pepe inayosema “akaunti yetu imebadilika, malizia malipo hapa”, usitume chochote mpaka umpigie simu kwa namba uliyochukua ukiwa dukani kwake, usikie sauti yake. Wezi huingia katikati ya barua pepe za watu wakangoja siku ya malipo. Fedha ikishaingia kwenye akaunti ya mwizi, benki yako ina nguvu ndogo sana ya kuirudisha.

Gawanya hivi: kadi moja kwenye pochi, kadi nyingine ya benki tofauti ndani ya begi unaloacha chumbani, na dola za kutosha kukulisha na kukulaza mpaka tatizo litatuliwe, ndani ya nguo. Mkanda wa kaka yako una kazi hiyo.

Mama, mimi ni mgumu, napandisha mizigo njia ya Machame na Marangu. Kwenye tipu nimepata noti ya pauni 20 ya karatasi, dola 100 ya zamani yenye kichwa kidogo, na sarafu nyingi za yuro. Benki wamekataa vyote. Nimeambiwa pauni imekufa. Ni kweli nilibeba mzigo wa mtu bure? — Mgumu wa Pasua

Hukubeba bure, mwanangu, na barua yako imeniuma kwa sababu ninajua uzito wa mizigo ile.

Pauni ya karatasi ya 20 iliacha kutumika madukani Uingereza tarehe 30 Septemba 2022, pamoja na ile ya 50. Zinazotumika sasa ni za plastiki. Lakini haijafa. Benki Kuu ya Uingereza hubadilisha noti zake za zamani bila mwisho wa muda, kwa hiyo ipo thamani, ila iko London. Dola yako nayo kisheria ni halali kwao, Marekani haifuti noti zake za zamani. Wanaoikataa ni wanunuzi wa huku, kwa sababu wanaogopa bandia na wanajua hata wao wataiuza kwa shida. Zinazopita bila maneno ni zile zenye utepe wa buluu zilizoanza kutolewa 2013, zisizochanika wala kuandikwa kalamu.

Njia ya kweli ni mtu anayekwenda huko. Kama mgeni wako bado mnawasiliana, mpigie picha noti umweleze. Wengi hawajui walichofanya, na wengi hukutumia thamani yake kwa kuona aibu nzuri. La sivyo, kiongozi wa msafara anaweza kumwomba mgeni mwingine wa Marekani abadilishane na dola yako siku ya kushuka. Sarafu hazinunuliwi na benki yoyote hapa. Kusanyeni kambi nzima, mpate sarafu za kufikia yuro 10 au 20, kisha mgeni wa Ulaya anayerudi kwao awape noti.

Jambo hili lingekwisha kama viongozi wa misafara wangelisema kwenye kikao cha kwanza pale hotelini, kabla ya kupanda: tipu ziwe noti mpya, safi, bila sarafu. Si utovu wa adabu kusema. Tangu Machi 2025 kanuni zinataka bidhaa na huduma hapa nchini zilipwe kwa shilingi, kwa hiyo noti ya kigeni ambayo benki imeikataa huwezi hata kumshawishi mwenye duka Mbuyuni aipokee. Au basi wageni watoe shilingi moja kwa moja. Mimi ningependa hivyo.

Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu tunakwenda Umra, inshallah. Tubebe dola au riyali? Kuna mtu hapa Arusha anauza riyali lakini sijui kama bei yake ni ya haki. — Mama wa Kaloleni

Waalaykum salaam, dada yangu, Mungu awakubalie.

Riyali ya Saudi Arabia imefungwa kwa dola tangu 1986: dola moja ni riyali 3.75. Hilo linakupa kipimo ambacho hakuna anayeweza kukudanganya. Ukibadilisha dola 500 huko, hesabu safi ni riyali 1,875. Duka likikupa 1,860, ni haki, na wao lazima wapate riziki. Likikupa 1,775, wamekula riyali mia moja, hata kama mlangoni wameandika hawatozi kamisheni. Kamisheni iko ndani ya bei.

Huyo wa Arusha mpime hivi. Chukua bei ambayo benki inauza dola siku hiyo, gawanya kwa 3.75. Kwa mfano tu, dola ikiuzwa 2,600, riyali inakaribia 693. Akikuuzia 700, nunua za kuanzia, teksi na chakula cha siku ya kwanza. Akitaka 760, mwambie asante. Na kama hana leseni ukutani, usiingie hata kwa bei nzuri. Huko Arusha mnakumbuka Novemba 2018, Benki Kuu ilipofanya msako kwenye maduka ya kubadilishia fedha na askari wakiwa mlangoni. Mteja hataki kuwa ndani siku kama ile. Zilizobaki bebeni dola mpya, wewe nusu na mzee nusu, maana kwenye msongamano wa Msikiti wa Haram watu hupotezana.

Habari dada. Mama yetu anapelekwa Chennai kufanyiwa upasuaji wa moyo. Ukoo umechanga. Tumekubaliana kuweka mchango wote kwenye akaunti ya mama kwa sababu ana kadi ya benki, na kaka atamsindikiza. Hospitali inataka malipo ya awali kabla hatujafika. Tunaomba ushauri, hatujawahi kusafiri. — Binti wa Sakina, Arusha

Pole sana, na Mungu amponye mama.

Kabla ya yote, badilisheni uamuzi wa akaunti. Mama akiwa amelala chumba cha uangalizi, nani atapokea ujumbe wa namba ya uthibitisho kwenye simu yake? Nani atasaini? Kadi ya mgonjwa humhitaji mgonjwa aliye macho. Kaka yako afungue akaunti yenye kadi kwa jina lake mwenyewe, na kama mnaweza, mtu wa pili asafiri naye akiwa na kadi ya benki nyingine. Viza ya matibabu ya India inaruhusu wasindikizaji hadi wawili. Mchango uliobaki ukae Arusha kwa mtu mnayemwamini wote, anayeweza kwenda benki siku yoyote atakapopigiwa simu. Liandikeni kwenye kikao cha familia, nani ana kiasi gani. Ugonjwa ukiwa mrefu, maneno huanzia kwenye fedha ambazo hazikuandikwa.

Malipo ya awali yatumwe benki kwa benki, kwenye akaunti ya hospitali yenyewe. Ombeni hospitali iwape ankara ya makadirio yenye jina la akaunti, namba yake na msimbo wa SWIFT wa benki yao (herufi na namba zinazoitambulisha benki katika malipo ya kimataifa), na jina la mgonjwa liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mthibitishe namba hizo kwa kupiga simu ya hospitali iliyoko kwenye tovuti yake, si ile ya wakala. Benki ya huku itataka ankara hiyo, barua ya hospitali na nakala za pasipoti. Pelekeni zote siku moja ili msirudishwe.

Pale benki mtaulizwa makato alipe nani. Msiseme “yoyote”. Fedha hizi hupita kwenye benki nyingine katikati, na kila moja hujikatia chake. Mkichagua makato yagawanywe, mnatuma dola 6,000 zinafika pungufu, na mhasibu wa hospitali anasema malipo hayajakamilika wakati mama yuko kitandani anasubiri. Chagueni mtumaji alipe makato yote. Ni ghali kidogo hapa, inaleta utulivu kule. Kisha ombeni nakala ya ujumbe wa SWIFT, kaka aibebe kwenye simu na kwenye karatasi. Hospitali ikisema haijaona fedha, karatasi hiyo ndiyo inayowawezesha kuitafuta.

Angalieni na siku. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na benki zao hufungwa Jumapili na pia Jumamosi ya pili na ya nne ya mwezi. Fedha iliyotumwa Ijumaa mchana kutoka Arusha msiitegemee kabla ya wiki inayofuata. Tumeni mapema wiki, na mtume siku kadhaa kabla ya ndege.

Makadirio si bili. Moyo ukifunguliwa madaktari huona wanachokiona, na siku za kulala zikiongezeka bili huongezeka. Acheni akiba nyumbani kwa ajili hiyo, na ulizeni mapema: kiasi kikibaki, hospitali itakirudisha vipi, kwa akaunti ipi? Lipateni jibu kwa maandishi.

Za mkononi, kaka abebe dola, zikizidi 5,000 kwa noti atangaze forodhani India. Rupia asitafute huku, mgeni haruhusiwi kuingia nazo. Akibadilisha uwanjani, abadilishe kidogo tu ya kufika hotelini, zilizobaki mjini, na stakabadhi azitunze. Noti ya rupia 2,000 asiipokee, iliondolewa kwenye mzunguko kuanzia Mei 2023. Wauza chai na matunda huko wana misimbo ya kulipia kwa simu kila mahali, lakini imeunganishwa na benki za India na kadi yake ya Tanzania haitafanya kazi hapo. Kwa vitu vidogo atahitaji noti ndogo mfukoni kila siku, na usiku mgonjwa anapohitaji kitu duka la dawa la nje, noti hizo zinaokoa muda.

Tuandikie tena utuambie mama anaendeleaje.

Mama, shikamoo. Binti yangu anakwenda kusoma London. Nimempa kadi yangu ya ziada na pauni ambazo dada yake alirudi nazo miaka iliyopita. Kuna la kuongeza? Na mimi mwenyewe navuka Holili kwenda Taveta mara kwa mara kununua bidhaa, wale wabadilishaji wa mkononi mpakani unawaonaje? — Mzee wa Himo

Marahaba. Pauni hizo zitazame kwanza, kama ni za karatasi rudi kwenye jibu la mgumu hapo juu. Kadi yako ya ziada iache nyumbani. Yenye jina la baba mkononi mwa binti itamletea maswali, na siku ikifungwa benki itataka kuongea na wewe. Apate yake.

Akifika mjini asipande basi akiwa na noti mkononi. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014, analipa kwa kugusisha kadi. Dukani au kwenye ATM, mashine ikigundua kadi ni ya Tanzania inaweza kumuuliza alipe kwa pauni au kwa fedha ya kwao. Shilingi inaonekana ya kirafiki kwa sababu unaielewa. Achague pauni, kila mara. Akichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na huipanga kwa faida yake. Na hoteli ikimpokea kabla hajapata chumba cha chuo, inaweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana na kukiachia siku kadhaa baadaye, kwa hiyo kadi isiwe na fedha za kutosha kulala tu.

Kuhusu Holili, kwa kiasi kikubwa nenda benki. Kwa kidogo, jua bei kabla ya kufika. Benki Kuu huiweka kwenye tovuti yake kila siku. Piga hesabu kwa simu yako mwenyewe badala ya kikokotoo anachokupa yeye, hesabu noti zake kabla hujatoa zako, na akizichukua “kuziongeza” kisha akakurudishia, hesabu upya moja moja, maana kwenye kukunja ndipo zinapotoweka. Noti za zamani za Kenya za shilingi 1,000 zilikwisha muda wake Septemba 2019, zikatae. Na kama unakwenda mara kwa mara hivyo, sajili laini ya Kenya kwa pasipoti yako. M-Pesa ya Tanzania hutuma kwenda M-Pesa ya Kenya, utaona makato kabla ya kuthibitisha, na wauzaji wako wa Taveta watakupokea kwa namba ya duka bila wewe kuvuka na bunda la noti.